Mwaka Uliochongwa Nusu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu mbele ya duka la kijiji, pale linaposimama basi la kwenda mjini Vidin. Mlango wa duka umebandikwa karatasi za tanzia toka juu hadi chini, na wafu kwenye picha wanawatazama wanywa kahawa migongoni. Asubuhi hiyo walikuwa watatu kama kawaida, kila mtu na kikombe chake cha kahawa ya mashine. Asparuh, wanayemwita Redio, kwa sababu hajawahi kusikia habari akakaa nayo. Krastio Patasi, mchonga mawe ya makaburi. Na Velko, wanayemwita Marehemu, mzee aliyenyoa ndevu siku hiyo bila mtu kufa wala kuoa. Rada, mjane jirani yake Velko, alikuwa anaondoka na basi la asubuhi, anahamia kwa mwanawe mjini Plovdiv, harudi tena. Velko alijua hilo tangu Jumapili na bado hakuwa na mpango wowote zaidi ya kukaa pale.

— Jana wametangaza tena, Redio alianza. Mkoa wetu unaongoza nchi nzima kwa kufa mapema. Wale wa milimani kule kusini wanatupita mbali kwa kuishi.

— Hao wa milimani waongo tu, alisema Patasi. Mzee akifa, mwanawe anachukua kitambulisho chake, anaendelea kula pensheni. Ndiyo maana unaambiwa kuna babu wa miaka mia anapanda mti kuchuma plamu.

— Acha zako. Ni maji. Mto Danubi unaanzia wapi? Kwa Wajerumani. Wanainywa miaka ya uhai iliyomo majini huko juu, Waaustria wanakunywa inayobaki, ikifika kwetu ni makapi.

— Na Waromania hapo ng'ambo?

— Nao wanakunywa makapi, upande wao.

Velko alicheka kidogo, akatazama barabara. Haikuwa na mtu.

— Mimi nasema ninachokiona kazini, Patasi aliendelea. Kile kiwanda cha hapa kwetu kilipofungwa, nilichonga wanaume wa arobaini na kitu, hamsini, mfululizo, mpaka mkono ukavimba. Siku hizi mtu anafika sabini, themanini, na bado anabishana nami bei.

— Basi mambo si yamekuwa mazuri?

— Yamekuwa mazuri baada ya vijana kwisha. Wote wako Uhispania wanachuma machungwa. Miaka imekuja, watu hawapo.

— Si ndiyo hapo sasa, alisema Redio. Wakiondoka, wanatuachia miaka yao. Unadhani huyu Marehemu anaishi kwa miaka ya nani? Huyu anatumia ya wajukuu wa watu.

— Patasi, alisema Velko. Nina shida na wewe. Lile jiwe langu.

Wote wawili walilijua. Mkewe Stanka alipofariki, Velko alichongesha jina lake mwenyewe kando ya la mkewe kwenye jiwe la kaburi, kama wafanyavyo wanandoa wote pale kijijini. Mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu kumi na tisa ya mwaka wa kufa, na nafasi ya tarakimu mbili za kumalizia. Karne ile ikaisha, nafasi ikabaki wazi.

— Niizibe hiyo kumi na tisa kwa saruji nichonge ishirini? aliuliza Patasi. Itaacha kovu, nakwambia mapema.

— Kovu na liwepo. Jiwe lilivyo sasa linaonekana vibaya zaidi.

— Wewe ndiye uliyeng'ang'ania, alisema Redio. Nilikuwepo. Patasi alikuambia tuache wazi, ukasema chonga.

— Baba hakufika hamsini na tano. Babu hakufika. Mlitaka nifikirie nini? Hata shamba la mizabibu niliuza, nikasema zabibu zake atakula nani. Halafu ikamtoka Velko. Hata kuoa tena niliacha kwa ajili hiyo. Niliona haya kumfanya mtu mjane mara ya pili.

Redio alikuwa anatazama nyuma ya benchi, na Velko alipogeuka alimkuta Rada amesimama na sanduku lake, kilemba kimefungwa vizuri kwa safari. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi ile. Rada alimsogeza Redio kwa kiwiko, akakaa.

— Mtu gani huyo wa kufanywa mjane, Velko?

Velko aliweka kikombe chake chini.

— Mwaka ule wa tisini na nne nilikuwa nakuletea pai ya jibini kila Jumapili. Ukanirudishia sahani, ukaniambia nisije tena. Nikadhani ni Stanka. Nikasema, mtu bado anampenda marehemu mkewe, nimheshimu. Kumbe?

— Haikuwa Stanka. Ni lile jiwe. Nilijua nakufa, Rada.

Rada hakukasirika, na Velko aliumia zaidi kwa hilo.

— Haya. Mwaka elfu mbili ukaingia, ukaamka unapumua. Mbona hukuja?

Redio alichungulia kikombe chake. Patasi alitazama viatu. Velko aliikumbuka vizuri asubuhi ile. Alipasua kuni, akauona moshi wa nyumba ya Rada, akajiambia hesabu imekosea kidogo tu, atakufa masika. Masika yakaja, akasema vuli. Akazoea. Hakuna katika hayo neno la kumwambia mwanamke mwenye sanduku.

Basi lilikuja. Velko alimpakilia sanduku, kwa sababu hilo aliliweza.

— Funika kifua, baridi inaanza, Rada alimwambia, akapanda.

Alitaka kusema usiende. Mlango ukafungwa akiwa bado anataka.

Aliporudi benchini kahawa yake ilikuwa imepoa. Patasi alikohoa.

— Kwa hiyo nije kesho na saruji?

— Usije na saruji. Iache kumi na tisa ilivyo. Malizia tu zile mbili.

— Nimalizie? Na nini?

— Tisini na nne.

Patasi alimtazama, akatazama barabara basi lilikoelekea.

— Velko, kaka, hebu lala kwanza uamke.

— Chonga, alisema Velko.