Maganda ya Kalitusi na Sufuria za Bamama

Bamama, babaka, amani ya Bwana ikae na siye wote. Nasimama hapa na furaha, munivumilie kama nitapiga kelele.

Wengi munanijua: miye ni yule mama wa mutaa ya Shari mwenye alikuwa ananuka. Musicheke! Kweli nilinuka. Tulipokimbia kilima yetu, ng'ombe zilibakia kule, na kazi moja tu nilijua ni kutengeneza ngozi. Nikaanza kuokota maganda ya kalitusi pale wanapasula mbao. Sikati muti hata moja. Ile maganda walikuwa wanachoma bure. Ukiyachemsha, maji inatoka nyekundu, na ile uchungu yake, ile wenye kusoma wanaita tanini, njo inafanya ngozi isioze.

Lakini ngozi zangu zilitoka nyeusi, tena na mabaka. Hakuna mutu alizitaka. Majirani wakachoka na harufu. Shefu wa avenue, mwenye anaongoza barabara yetu, akakuja ku mulango: "Mama, ukishindwa tena, hii kazi unaifunga." Ndugu zangu, nawaambia, nililia. Batoto wangu wangekula nini?

Sasa, pipa yangu ya chuma, ile nalowesha ngozi ndani, ilikuwa imejaa, kipande kimoja cha ngozi kikakosa nafasi. Nikachemsha maganda mengine mu chungu ya udongo, ile ya maharagi, maji ikapoa, nikakilowesha humo. Kisha wiki mingi nikakitoa... Ee Mungu wangu! Kiko nyekundu, laini, kizuri kabisa! Ya mu pipa, nyeusi kama kawaida. Maganda ni ile ile, maji ni ile ile. Kumbe chuma njo ilikuwa inaniharibia!

Nilikimbia kwa bamama wa chama yetu bila viatu. Nikanyoosha ile ngozi, nikawaambia ile pipa ya chuma njo mubaya. Mumoja akasema, "Chukua sufuria yangu ya alminiumu." Mwingine akabeba chungu yake ku kichwa mpaka kwangu. Ile pipa nikaitoa mu lupango, ile kiwanja ya nyumba yangu, siku ile ile.

Leo shefu wa avenue mwenyewe anavaa sandale za ngozi yangu! Na maganda yenye imemaliza kazi, tunakausha tunapikia kama kuni.

Bamama, asanti. Asanti sana. Na weye mwenye kazi yako inaharibika kila mara, mbele ya kuitupa, angalia kwanza chombo yenye unapikia. Lakini zile sufuria zenu, musiniulize. Zimekuwa nyekundu ndani, nimesugua mpaka nimechoka. Sirudishi hata moja!