Futi Tisa Ambazo Marehemu Hakuzichoma

Waombolezaji wenzangu, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kana kwamba mna safari, kazi hii sikuiomba. Msomaji alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu, jana asubuhi akasema koo limemkauka, wakamtazama mkwe, mkwe akatazama viatu vyake, ndipo wakanijia mimi dada wa marehemu, kikongwe wa miaka themanini na sita, wakanipa karatasi moja iliyopigwa chapa wakisema, "Shangazi, ni fupi tu, isome kama ilivyo." Nimeisoma. Imeandikwa kwamba marehemu alifanya kazi serikalini hadi mwaka 1986 alipostaafu. Hakustaafu, alifukuzwa, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo nimekaa na kalamu kutwa nzima nikaandika yangu, mwandiko ni wa kuku lakini tarehe ni za kweli, na asiyetaka kusikia, mlango ni ule.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Februari 1942, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, ambako baba yetu alikuwa fundi wa kupaka mabehewa rangi, naye marehemu akiwa mtoto wa nne na kitindamimba. Mama yetu alifariki tarehe 3 Mei 1945, mimi nikatolewa shuleni nikiwa darasa la tatu ili nimlee, nikamlisha, nikamwogesha, nikamchapa, ndiyo maana leo nasema nitakavyo juu yake wala simwombi mtu ruhusa.

Alianza shule ya msingi Januari 1950 na kumaliza darasa la nane Desemba 1957, hesabu aliziweza, kuimba hakujaliwa, na mwaka 1959 akapata kazi ya kufagia ukumbi wa sinema uliokuwa mkabala na soko la nguo, ambako baada ya miezi michache alipandishwa chumba cha mashine kwa sababu filamu zilikuwa zikifika zimekatika, naye alikuwa na vidole vyembamba vya kuziunga. Tarehe 1 Aprili 1966 aliajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa filamu akiwa mkataji, na tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa na wifi yangu, mshona nguo, mwanamke aliyejua kukasirika kimyakimya, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili mwaka 1970 na 1973, na huyu mwenye koo kavu mwaka 1977.

Kazi yake ilikuwa hivi. Filamu za ujambazi na upelelezi, zile ambazo leo mnaziita za kale na kuzisifia, zilifika kwenye mikebe kabla ya kuonyeshwa, wakaguzi watatu wakakaa katika chumba chenye mapazia meusi wakatazama, na palipozidi damu mkaguzi mkuu akagonga meza kwa penseli, karani akaandika, kisha marehemu akapelekewa mkebe kwenye meza yake yenye taa chini ya kioo, akatafuta mahali, akakata, akaunga kwa gundi. Kisu ndani ya lifti, kamba kwenye shingo ya mlinzi wa benki, mtu aliyebanwa na mlango wa behewa, vyote vilipita mikononi mwake, na kule ukumbini filamu iliporuka ghafla, mtu alikuwa amenyanyua bastola mara mwenzake yuko chini, watu wote walipiga mbinja na kuita, "Mkasi! Mkasi!" Jina hilo likamganda hadi mtaani, watoto wakimwona wanafumba macho kwa viganja, naye anacheka. Vipande vilivyokatwa vilipimwa kwa futi, vikaandikwa daftarini, na kila mwisho wa mwezi vikachomwa uani kwenye nusu pipa, karani na askari wa lango wakishuhudia, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na kwa miaka minane aliifuata.

Tarehe 6 Juni 1974 ililetwa filamu iliyotengenezwa hapahapa kwetu, ya jambazi anayekimbizwa juu ya mapaa, na mwenye filamu akaja nayo mwenyewe kwa gari, akawasalimia wakaguzi kwa majina yao ya utani. Ndani yake kulikuwa na mtu anayeanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mkaguzi mmoja akasema, "Huyu bwana anajua kufa," mwingine akageuza uso, mkaguzi mkuu akagonga penseli, imezidi, toa. Watu wazima watatu, wenye tai, walimwona binadamu akifa kweli, wakalalamika kwamba damu ni nyingi.

Marehemu ndiye aliyejua, na alijua kwa sababu ya kazi yake, maana alipoilaza ile filamu juu ya kioo kutafuta pa kukatia hakuona mkato wa watengenezaji wenyewe. Aliniambia mwenyewe, dada, kwenye filamu mtu hafi kwa mkupuo mmoja, anaanguka, wanakatisha, wanaonyesha uso wa mwingine, wakirudi kwake yuko chini kapakwa rangi, na aliyeanguka ameangukia magodoro, saa hiyo anakunywa soda. Hapa hapakuwa na mkato. Futi tisa, picha mia moja arobaini na nne zimeshikana, mtu yuko ukingoni mwa paa, mtu yuko hewani, mtu yuko chini, godoro liko hatua mbili kutoka alipolala, na katika picha tatu za mwisho, ambazo mwenye filamu alisahau kuziondoa, mwanamume wa shati jeupe anaingia mbio, mikono kichwani.

Akaenda kwa mkaguzi mkuu, akamweleza, na mkaguzi mkuu akamjibu, "Wewe tumekuajiri mkasi, mdomo wako hatukuuajiri." Basi akarudi, akakata, akaandika daftarini futi tisa, na mwisho wa mwezi akachoma futi tisa za filamu nyeusi isiyo na picha, ile inayofungwa mwanzo wa mkebe, karani akatia saini, na kile kipande akaenda nacho nyumbani ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Nilimuuliza kwa nini, akasema mkono ulikataa. Mkono ulikataa, sawa, lakini mdomo ulikubali, sikilizeni.

Aliyeanguka alikuwa fundi paa, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyechukuliwa kwa siku moja ili aanguke badala ya mwigizaji mwenyewe, kwa kuwa mwigizaji aliogopa kimo. Mama yake alikuwa mfua mashuka wa hospitali, mjane, hana mtoto mwingine, na mwenye filamu alimwendea akamwambia kijana alimaliza kazi salama, akavuka mpaka na mwanamke. Mama wa watu hakubishana, filamu ilipotoka alikwenda ukumbini amwone mwanawe japo kwa picha, na tarehe 19 Septemba 1974, asubuhi, alifika dirishani pale ofisini, marehemu akawa ndiye aliyemsikiliza.

"Mwanangu, nimeitazama mara nne," alisema yule mama, "wenzake wameniambia yumo, anaruka kutoka juu. Mbona simwoni?"

"Kuna sehemu ilikatwa, mama."

"Basi nionyeshe hiyo iliyokatwa. Sitaki nyingine."

Mkebe ulikuwa nyumbani, chini ya kitanda, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ndugu yangu akamtazama yule mama machoni akasema, "Kilichokatwa huchomwa, mama. Ndiyo sheria."

"Mlimchoma?"

Ndugu yangu akainamia daftari. Yule mama akafunga kanga yake vizuri, akasema asante, akaondoka, na kwa miaka kumi na moja hakuhama chumba chake cha kupanga, ingawa ukuta ulikuwa umepasuka na mwenye nyumba alitaka kukivunja, kila akishauriwa aende kwa nduguze anasema, "Mwanangu akirudi atanikuta wapi?" Marehemu alilijua hilo, maana alipita njia ile kwenda kazini. Msiniambie aliogopa, najua aliogopa, alikuwa na mke na watoto wadogo, na mwenye filamu alikuwa mtu wa kualikwa kila mahali. Lakini hofu ya siku moja ni hofu, ya miaka kumi na moja ni ushirika.

Tarehe 24 Agosti 1985 alikuja kwangu na ule mkebe, akaniomba nimhifadhie, kwa sababu filamu ikizeeka kwenye joto huoza na kunuka siki, na wifi alikuwa amechoka kuuliza siki inamwagika wapi. Nikafungua, nikaona utepe umejikunja kama ganda la kitunguu, nikamuuliza ni nini, akakaa kwenye kiti cha jikoni akanieleza yote niliyowaeleza. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaweka ungo chini nikamwambia, "Umemweka mtoto wa mtu kwenye mkebe, halafu unataka mimi nikushikie?" Akasema, "Dada, nitafungwa." Nikamwambia, "Utafungwa, na chakula nitakuletea. Vaa viatu."

Tulimkuta yule mama amekaa kitandani mchana kweupe, akatuuliza ninyi nani, tumesimama mbele yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, haoni hata dirisha. Mwaka 1974 angeona. Ndugu yangu alipoelewa akageukia mlango, nikamshika ukosi, nikamwambia, mweleze.

Akajitaja, akasema, "Mama, nilikudanganya, sikuichoma." Yule mama akasema, "Hutaniambia kwa mkato. Anzia mwanzo, moja moja." Basi ndugu yangu akasogea dirishani, akainua ule utepe kwenye mwanga na kuanza kusoma picha, nyingine zimefifia, akawa anazisema kwa kuzikumbuka.

"Amesimama ukingoni. Amevaa koti."

"Hana koti yeye."

"La mwigizaji, mama, walimvika."

"Na viatu?"

"Hana, yuko peku."

"Ndiye," akasema. "Paa hapandi na viatu. Endelea."

Akaendelea, hewani, mikono, koti limefunuka, chini. Yule mama akauliza kama alilia, akamjibu hajui, kipande kile alikitazama tu, sauti hakuisikia. Akauliza kama alikufa papo hapo. Ndugu yangu akasema mguu ulitikisika, picha kumi na moja, hazifiki nusu sekunde. "Kwa hiyo hakuteseka?" Nilimwombea aseme hakuteseka, hata mimi ningedanganya hapo, naye akasema, "Sijui, mama, filamu inaishia pale."

Kesho yake asubuhi tulikwenda polisi, kipande kikashikiliwa, mwanamume wa shati jeupe akatafutwa akapatikana, akaonyesha mahali, na tarehe 8 Januari 1986 wakachimba nyuma ya banda la mapazia la mwenye filamu wakatoa mifupa, tukaizika tarehe 15, watu kumi na wawili tu, mafundi paa na sisi. Mwenye filamu alihukumiwa miaka sita kwa kusababisha kifo na kuficha maiti, akakaa minne, akatoka akafungua duka la kukodisha kanda za video. Mkaguzi mkuu alikwisha kufa kwa sukari. Na marehemu aliachishwa kazi tarehe 28 Februari 1986, barua ninayo, kosa limeandikwa kwamba hakuchoma mali ya serikali kama ilivyoagizwa. Kwa kumdanganya yule mama hakuna aliyemshtaki, maana kosa hilo halikuwa na kifungu.

Kuanzia mwaka 1987 hadi 2005 alijalidi vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kazi safi, hakuna aliyelalamika. Wifi yangu alitutoka tarehe 30 Julai 2011. Marehemu alianza kuugua tezi dume mwaka 2018, akaficha, kuficha alikuwa bingwa, hadi maradhi yakaingia mifupani, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, saa nne asubuhi, akakata roho akiwa na miaka sabini na tisa, ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi mnene aliyemnyoa ndevu bila kuombwa, tunawashukuru majirani waliotuletea viti, na wenzake wa uchapaji waliokuja na turubai. Wa ofisi ya ukaguzi sikuwaona, nao nawashukuru kwa kutokuja.

Limebaki moja, nalo wanawe ndilo walilotaka lisisomwe, kwa sababu walidhani baba yao Jumapili alikuwa na mwanamke. Alikuwa naye, ndiyo. Siku ile tunaondoka chumbani kwa yule mama, ndugu yangu alimuuliza, "Nikulipe nini, mama?" akajibiwa, "Njoo Jumapili uniambie tena." Akaenda. Akaambiwa njoo tena. Kipande kiko polisi, hana hata cha kushika mkononi, ikabidi azitoe kichwani, mia moja arobaini na nne, tangu ukingoni hadi kwenye mguu, na akijaribu kupunguza yule mama anasema, "Umeruka, rudi." Miaka minane na ushee, mvua na jua, mkewe anadhani anavyodhani, naye anarudi nyumbani jioni hawezi kula. Jumapili ya mwisho, tarehe 13 Machi 1994, yule mama alikuwa hospitalini, hasemi tena wala hasikii, muuguzi akamwambia ndugu yangu aende zake, hakuna haja. Akavuta kiti, akaanza ya kwanza, akafika ya mwisho, hakuruka hata moja.

Haya, mdogo wangu, nyamaza sasa. Lala, upumzike.