Mahafali ya Mwisho ya Pamoja ya Taasisi ya Maji, Lanzhou

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mwalimu Qiu Wenlan, mkurugenzi wa taasisi hii, ndugu wahadhiri, wazazi mliotoka mbali, nanyi wahitimu, wenye siku yenu:

Mimi, Loretta Haugen, nimesimama hapa kwa niaba ya chuo cha Marekani kilichoanzisha taasisi hii pamoja na chuo chenu, na sijui macho yangu niyaweke wapi.

Wengi wenu hamjui ilivyoanza. Mwalimu Qiu alikuja kwetu Minnesota wakati wa baridi kali, na wazo lake lilikuwa moja: vijana wenu na wetu wasome pamoja namna ya kuokoa ardhi inayokauka. Wakubwa wangu walimwacha akae kwenye korido asubuhi nzima, kisha wakamsikiliza huku wakitazama saa. Aliporudi hapa akaulizwa, "Wamarekani walikupokeaje?" Akajibu, "Vizuri sana. Ila muda haukutosha kumaliza mazungumzo." Kwa jibu hilo hakuna aliyekasirika hapa, mazungumzo yakaendelea, na taasisi ikazaliwa.

Mwezi uliopita wakubwa wangu walipiga kura kuvunja ushirikiano huu. Je, walimpigia simu Mwalimu Qiu? Walimwandikia hata mstari mmoja? Alizipata habari kwa mwanafunzi aliyezisoma mtandaoni. Mimi nilipofika hapa nilimkuta bwenini, amesimama juu ya kiti, anatundika mapazia katika vyumba vya mwaka wa kwanza.

Nikasema, "Mwalimu, nimeona haya hata kubisha hodi."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi nishikie pazia hili, halafu twende tukale tambi. Nikianza kukutukana nataka uwe umeshiba."

Hakunitukana. Pale mezani alianza kuwapigia simu ninyi wazazi, mmoja baada ya mwingine: "Pande zote mbili zimekubaliana. Watoto wataendelea na masomo hapa hapa." Nilimsikia, nikainamia bakuli langu.

Ndugu wazazi, hatukukubaliana. Upande wenu haukuulizwa lolote. Tumeondoka sisi, kwa uamuzi wetu, wala hatukuwa na adabu ya kuaga. Ni haki kweli turudi kwetu na shukrani zenu, tumwachie mwanamke huyu aibu yetu aibebe yeye?

Wahitimu, shahada zenu zina mihuri miwili, na yote miwili ni halali. Mtu asiwatie wasiwasi kwa hilo. Kila mmoja mmeutolea jasho.

Hotuba hii ndiyo kazi yangu ya mwisho kwa chuo kile; nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Leo asubuhi nilimwomba Mwalimu Qiu nafasi ya kufundisha hapa, darasa lolote atakalonipa. Alikuwa ananiweka sawa kola ya joho. Akasema, "Ngoja kwanza nisikie utawaambia nini wazazi. Ndipo nitakujibu."

Mwalimu, sasa umesikia. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.