Joho Namba Kumi na Nne: Maneno ya Makumbusho ya Kijiji cha Tash-Kechu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kubatali Ermekov, Mkurugenzi wa Mpango wa Makumbusho Madogo; Mwenyekiti wa kijiji; walimu; wazee wetu mlioketi safu ya mbele; wananchi wa Tash-Kechu.

Ukaribisho

Tunakukaribisha kijijini kwetu. Tunajua umesafiri saa sita, na kwamba saa mbili za mwisho si za barabara bali za mawe. Mkate uko mezani, na kumis, maziwa yetu machachu, imetoka kwa jike la farasi la Mzee Sadyr, ambaye anaapa kwamba hakuiongezea maji mwaka huu.

Tunaomba uvumilivu wako mapema. Risala hii haikuandikwa kama zile zilizotangulia. Tulizisoma zote wiki iliyopita, kumi na mbili, na katika kila moja tuliandika kwamba tunajivunia. Neno hilo leo tumeliacha.

Historia

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1974 na marehemu Mwalimu Mukash Tologonov, aliyekuwa akifundisha historia katika shule yetu. Aliomba vyumba viwili katika ghala la sufu la shamba la ushirika, akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Hakununua kitu. Aliazima. Kila aliyetoa alitia sahihi au alama ya kidole, na Mwalimu aliandika upande wa kulia: "Ni mali ya familia. Makumbusho ni mlinzi." Maneno hayo yamo katika kila ukurasa, na sisi wote tuliofuata tumeyasoma. Hatuwezi kusema hatukujua.

Alipofariki aliacha vitu mia moja na kumi na viwili: mazulia ya sufu iliyokandwa, matandiko ya farasi, mapazia ya ukutani yaliyotariziwa, mabeshiki ya kulazia watoto wachanga, barua za askari, mizani ya kupimia sufu.

Namba kumi na nne ni joho. Ni jeupe, la sufu iliyokandwa, la mwanamume, na kola yake imetariziwa kwa uzi mweusi. Lililetwa mwaka 1975 na mama yetu mzee, Apa Zuurakan, ambaye yuko hapa. Mama yake alianza kulikanda majira ya baridi ya 1943 ili mumewe alivae siku atakayorudi kutoka vitani. Barua ya kifo ilifika kabla kola haijashonwa. Mama aliishona hata hivyo, akalikunja, akaliweka. Halikuvaliwa na mtu. Apa Zuurakan alizaliwa baada ya baba kuondoka, kwa hiyo joho hilo ndilo kipimo pekee alichonacho cha mwili wa baba yake.

Mafanikio

Mafanikio yapo, ingawa ni machache.

Miaka miwili iliyopita mkutubi wetu, Begimai, alianza kupiga picha vitu vya makumbusho kwa simu yake na kuviweka mtandaoni. Mtandao kijijini haushiki ila kilimani, kwenye makaburi, kwa hiyo hupanda huko kila Ijumaa na kusimama kati ya mawe mpaka picha ziondoke. Wazee walilalamika mwanzoni kwamba anawasumbua marehemu. Siku hizi wanamtuma awaulizie wajukuu zao walio Moscow.

Tandiko namba thelathini na moja lilipowekwa, kijana wetu mmoja anayefanya kazi ya ujenzi huko Moscow aliandika: "Hilo ni la babu. Ule mkwaruzo pembeni niliufanya mimi kwa kisu nikiwa na miaka sita. Tafadhali mama asijue." Mama yake alikuwa amekwisha kuuona. Alijibu kupitia kwa Begimai: "Mwambie nilijua tangu siku ile. Nangoja arudi nimchape." Watu mia tatu kutoka bonde letu, walio mbali, sasa hufuata picha hizo. Wengi wao hawajawahi kuingia katika vyumba vile viwili.

Mpango wako unaweza kufanya kwa kamera nzuri na kompyuta kile ambacho Begimai anafanya kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana tuliomba kujiunga.

Changamoto

Katika risala za nyuma, chini ya kichwa hiki, tuliandika paa, umeme na ukungu. Vyote hivyo ni kweli. Paa linavuja kwenye chumba cha pili, waya ni wa mwaka 1974, na nondo wapo. Lakini si changamoto ya kwanza. Ya kwanza ni sisi.

Fomu ya Mpango inataka makumbusho yawe na vitu visivyopungua mia moja vilivyo katika daftari, na picha ya kila kimoja pembeni ya namba yake. Daftari letu linasema mia moja na kumi na viwili. Begimai alipomaliza kupiga picha alikuwa na sabini na moja.

Arobaini na moja havipo. Tisa vilichukuliwa na familia zenyewe, kwa haki yao. Kumi na saba viliharibiwa na maji na nondo. Vinne hatujui viko wapi. Kumi na kimoja tulivitoa zawadi.

Tunaomba kueleza hivyo kumi na kimoja.

Katika bonde hili mgeni wa heshima haondoki mabega wazi. Huvishwa joho, au hupewa kitu mkononi. Miaka ishirini na sita iliyopita alikuja mgeni kutoka mjini, nasi hatukuwa na cha kumpa. Tulifungua kabati la kioo tukampa mjeledi wenye kipini cha fedha. Alifurahi, na baada ya mwezi tukapokea makopo mawili ya rangi ya buluu. Tulipaka mlango. Kuanzia hapo tuliamini tumepata njia: kila mgeni mkubwa apewe kitu kizuri, na siku moja mmoja wao atakumbuka paa. Tulivitoa vitu vya makumbusho ili tupate msaada wa kuvitunza. Tunaliandika hili kama lilivyo. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeomba apewe, na hakuna aliyeambiwa kitu kimetoka wapi.

Katika daftari, mbele ya kila kilichotolewa, tuliandika: "Kiko kwa fundi."

Mgeni rasmi, miaka saba iliyopita ulifika hapa, ukiwa ofisa wa elimu, kufungua darasa jipya. Tulikuwa tumeagiza joho jipya kutoka mjini. Theluji ya Aprili ilifunga njia ya mlimani kwa siku mbili na joho likabaki upande wa pili. Kamati ilikutana asubuhi ile. Mzee Sadyr, mwenyekiti wa kamati, alisema: "Aende mabega wazi? Kijiji cha jirani watatucheka mpaka tuzikwe." Mwingine akasema, "Lile jeupe si lipo tu? Nani huliangalia?" Mikono saba kati ya saba ilipanda. Katibu anayesoma maneno haya aliinua wake wa tatu.

Joho tulilokuvisha lilikuwa namba kumi na nne.

Kila mwaka, tarehe tisa Mei, Apa Zuurakan huja makumbusho kabla ya hotuba za siku ya kukumbuka ushindi wa vita. Macho yake yalianza kufifia zamani. Hushika kola, huipitishia vidole, kisha huenda zake. Mwaka ule tulimwambia liko kwa fundi. Mwaka uliofuata pia. Mwaka wa nne aliuliza, "Fundi gani huyo? Anashona kwa mkono au kwa mguu?"

"Kuna kazi nyingi, Apa. Kola."

"Kola aliimaliza mama yangu. Mwambieni asiiguse."

Mwaka wa sita hakuuliza. Alikaa kidogo kwenye kiti cha mlangoni, akatuombea afya, akaondoka. Hakuna mjumbe wa kamati aliyeweza kula sikukuu ile.

Mwezi uliopita Begimai, akitafuta picha katika magazeti ya zamani ya wilaya, aliona picha yako ukiwa mlangoni mwa darasa. Aliitambua kola. Ni picha pekee ya joho hilo iliyopo duniani. Sisi wenyewe hatukuwahi kulipiga. Aliileta kwenye kikao akiwa na fomu ya Mpango.

"Andika mia na kumi na mbili, binti, tumalize," alisema Mzee Sadyr.

"Fomu inataka picha ya kila kitu, baike."

"Piga tandiko kwa mbele, halafu lipige kwa nyuma. Hao wa mjini watajua ni lile lile?"

"Nitajua mimi."

"Basi wewe ndiye utakayetufungia mlango! Miaka hamsini ya Mwalimu Mukash, uifunge wewe kwa simu."

Begimai aliweka gazeti mezani. Mzee Sadyr alivaa miwani, akatazama, akasema tu, "Tulimweka katikati kabisa ya picha." Kisha akavua kofia, jambo asilolifanya mbele ya watu. Alikuwa wa kwanza kusema twende kwa Apa.

Tulikwenda watatu. Alikuwa anaanika kurut, maziwa ya kukausha, juu ya kitambaa. Tulimweleza yote, pamoja na neno la fundi. Alisikiliza bila kuacha kupanga vidonge vya maziwa. Kisha akauliza:

"Lilimtosha?"

Hatukuelewa swali. Akarudia. Tulisema lilikuwa fupi mikononi.

"Kumbe baba alikuwa mfupi," alisema. "Mama hakuniambia."

Tulimwambia ipo picha, na kwamba Mpango ukitukubali, picha itawekwa mtandaoni na dunia nzima italiona. Mzee Sadyr aliongeza kwamba itakuwa kubwa, ya rangi.

"Dunia nzima ina macho, Sadyr. Mimi nina vidole. Picha nitaishika wapi?"

Baadaye akauliza, "Huyo aliyelivaa anajua lilikuwa la nani?"

"Hapana, Apa. Hatukumwambia."

"Basi kosa si lake. Mwambieni."

Hiyo ndiyo sababu ya risala hii.

Maombi

Mgeni rasmi, tunajua kwamba kwa kusema idadi ya kweli tumeshindwa sharti la Mpango wako. Hatuombi sharti lipindishwe kwa ajili yetu peke yetu. Tunaomba lifikiriwe upya kwa makumbusho yote ya vijijini. Makumbusho yenye vitu sabini na kimoja vinavyoonekana yana faida zaidi kuliko yenye mia moja na kumi na viwili vya karatasi, na sharti la mia moja linawafundisha watu kuhesabu kama tulivyohesabu sisi. Tunadhani hatuko peke yetu.

Tunaomba kamera, kompyuta, na mtandao unaofika shuleni. Kitu chenye picha na namba, kinachojulikana na watu mia tatu walio mbali, ni vigumu kukitoa kabatini asubuhi moja kwa mikono saba. Hatuombi mtandao kwa ajili ya sifa. Tunaomba tulindwe dhidi yetu wenyewe.

Tunaomba pia daftari la kila makumbusho ya kijiji liwe na nakala mahali pengine, ambako hatuwezi kuifikia kwa kalamu.

Tumewaandikia wageni kumi. Barua zote zinasema jambo lile lile: kitu ulichopewa hakikuwa chetu kutoa, tunaomba picha yake, na kama inawezekana, tunaomba chenyewe. Wawili wamejibu. Mmoja amerudisha mjeledi ukiwa ndani ya soksi. Mwingine amesema alikwisha kumpa mgeni wake.

Barua ya kumi na moja hatukuituma. Tuliona ni haki uisikie mbele ya watu wale wale waliokupigia makofi siku ile. Tunaomba joho namba kumi na nne. Kama halipo tena kwako, tunaomba utuambie lilikokwenda, nasi tutalifuata. Apa Zuurakan ana miaka themanini na miwili. Hatutaki kumpelekea neno jingine la fundi.

Tunajua hatuna haki ya kumdai mgeni zawadi aliyoipokea kwa nia njema. Katika mila zetu ni aibu, na aibu hiyo ni yetu.

Hitimisho

Leo hatutakuvisha kitu. Ni mara ya kwanza Tash-Kechu kumsindikiza mgeni wa cheo chako hivi, na baadhi ya wazee hawakulala vizuri kwa sababu hiyo. Chakula kipo, kula mpaka uchoke.

Apa Zuurakan ameketi safu ya kwanza, kushoto, kilemba cheupe. Ndiye atakayefungua mikono na kutuombea dua kabla ya kula. Alipoulizwa atakuombea nini, alisema atakuombea safari fupi, watoto wasioitwa vitani, na nguo zinazokutosha. Hatasimama, kwa sababu ya magoti, na hatakutambua kwa sura. Tukishamaliza kusoma tunaomba umwendee wewe, umwambie jina lako, na umpe mkono wako mpaka hapa, kwenye kifundo cha mkono. Anataka kujua mkono wa joho ulipungua kiasi gani.

Mungu akupe afya, aipe nchi yetu amani, na atupe sisi ujasiri wa kuandika tunachokiona.

Ni sisi, walinzi wa mali za familia,
Kamati ya Makumbusho ya Kijiji cha Tash-Kechu.