Kizimba Bila Paa

Kwa Mwanvua, kando ya soko la Kasongo, kahawa huja na tangawizi na ubishi huja wenyewe. Asubuhi hiyo Zéphirin, wanayemwita Kadena, yaani kufuli, kwa kuwa ameshika ufunguo wa kizimba cha ndege miaka thelathini, alikaa kichwa kimevurugika. Bustani ya zamani ya wanyama inafanywa upya. Kizimba, ambacho ndege wake walishakufa, kimeng'olewa paa la waya, kimejazwa maji na matete, ili watoto wa shule wajifunze mambo ya kinamasi. Na mkubwa wa kazi amesema: ndege wa porini wakija wenyewe kabla ya Pasaka, Kadena atabaki mlinzi. Wasipokuja, aende nyumbani.

— Zamani nilifunga ndege isitoke, akasema Zéphirin. Sasa niko nangoja iingie. Kazi gani hii?

— Haitaingia, akasema Placide, fundi wa baisikeli, aitwaye Profesa ingawa shule aliikimbia. Ndege iko na akili. Itakumbuka babu yake alifungwa pale. Mkono mtupu haulambwi!

— Weye Profesa, hapana! Atumani akadakia. Alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Salamabila wiki mbili tu, jina la Salamabila likamganda. Ile maji, akaendelea, ni ya kutafutia dhahabu mu mavi ya bata. Haraka haraka haina baraka!

— Dhahabu mu mavi ya bata? akauliza Mwanvua, akimimina.

— Ndiyo, mama! Bata inameza muchanga kule kwetu, inakuja kuangusha hapa. Sababu gani wanaiita?

— Basi Kadena atalinda mavi.

Wakacheka. Zéphirin hakucheka, alikuwa karibu kuamini.

Hapo akafika Faridah, mkulima wa bondeni, ambaye hajawahi kukaa kijiweni. Akatua kapu la mpunga.

— Nimepita kizimbani. Ile matete mulitoa wapi?

— Bondeni kwenu, akajibu Zéphirin kwa fahari. Niliing'oa mimi mwenyewe, na mizizi. Haikubaki hata moja.

— Kumbe ni weye, papa. Kila magaribi ndege zilikuwa zinalala mu ile matete, kelele mpaka mutu hasikii adhana. Sasa zilienda wapi?

Zéphirin aliangalia viganja vyake, vyenye mikato ya matete isiyopona bado, akaona aibu.

Akanyoosha kikombe aongezwe. Mwanvua akainamisha birika, halikutoka hata tone.