Paipu ya Ekskaveta na Mkono wa Musembi

Pale kona ya Skuta, mjini Nyeri, benchi si benchi hasa. Ni bledi kuukuu ya greda, lile bamba la chuma la kusawazishia barabara, iliyolazwa juu ya mawe mawili, na ukiikalia asubuhi ya Julai baridi yake inakupanda hadi kwenye meno. Waliozoea kukaa hapo hawahami. Murugi, muuza kahawa, huleta birika lake, anaweka makaa chini yake, na mdomo wa kwanza ukifunguka hakuna wa kuufunga. Ng'ambo ya barabara, ekskaveta, mashine ya kuchimba ya Ngatia, mkandarasi wa barabara, ilikuwa imekaa bila kazi tangu wiki iliyopita, mkono wake wa chuma umelala matopeni. Kwenye paipu moja ya haidroliki, ile inayopeleka oili ya kuuinua huo mkono, kulikuwa kumezungushwa vipande vya blada, mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu. Oili iliyoruka kutoka paipu hiyo ndiyo iliyomtoboa Musembi, msaidizi wa mashine, mkononi. Kila aliyekaa pale alikuwa na hasira kwa ajili ya Musembi, na hakuna aliyewaka kama Mutahi, opareta wa mashine yenyewe.

— Ngatia afungwe! — alisema Mutahi. — Afungwe jela, si mchezo! Nilimwambia mara ngapi hiyo paipu imeisha? Mpira umepasuka, waya ya ndani iko nje, imeshika kutu. Hata kipofu angeona. Yeye ati, "Funga kwanza, tutabadilisha tukimaliza hii barabara."

— Na ni nani alifunga? — aliuliza Moffat.

Moffat huuza dawa za mifugo kwenye agroveti, ndiyo maana wanamwita Daktari, na hilo jina amelikubali kwa moyo wote. Alipouliza hivyo, macho yote yalimgeukia Kim Spana, fundi wa pikipiki.

— Manze msiniangalie hivyo, — alisema Kim. — Mimi niliitwa, nikafunga. Blada ni blada. Nilifunga tangi ya maji ya chifu na blada na mpaka leo haijatoa hata tone.

— Tangi ya maji! — Mutahi aliruka. — Kim, hiyo presha inainua lori! Unaifunga na blada kama mzigo ya miwa?

— Si wewe uliiendesha ikiwa imefungwa?

— Niliambiwa niendeshe!

— Na mimi niliambiwa nifunge. Sasa?

Mutahi alikunywa kahawa ikamuunguza ulimi, akaikasirikia kahawa pia. Siku hizi alikuwa akiamka na hasira na kulala nayo. Mkewe alishamwambia asirudi nyumbani na huo uso, kwa hiyo alikuwa akiuleta hapa.

— Ngojeni, — alisema Daktari, akinyoosha kidole juu. — Nyinyi mnapigana bure. Hiyo paipu haina makosa. Ni huu mlima.

— Mlima umefanya nini tena?

— Hewa ya huku ni nyepesi. Oili inatoka Mombasa, si ndiyo? Imezoea hewa nzito. Ikifika hapa inafura. Kwani hamjaona pakiti ya krisps? Ukinunua huku imefura ni kama inataka kupasuka. Hiyo ni hewa. Sasa paipu nayo ni pakiti tu.

Wote waliitikia kwa vichwa, maana la pakiti lilikuwa kweli, kila mtu amewahi kuliona.

— Hapana, — alisema Kim. — Ni panya. Mimi nimefungua pikipiki nikapata panya amezaa ndani. Oili ya siku hizi wanachanganya na mafuta ya kupika, ndio iwe mingi. Panya anasikia harufu ya chapati. Anaguguna paipu usiku kucha.

— Panya gani ana meno ya kula waya, wewe?

— Panya ya Skuta, buda. Ilikula mpaka sabuni yangu.

Hapo ndipo Wambugu alipokohoa. Wambugu ni mzee mstaafu aliyekuwa tarishi katika ofisi za serikali, na wanamwita Hansadi, kama ile kumbukumbu ya bunge, kwa sababu huongea polepole, akitua kila neno, kana kwamba kuna mtu mahali anayemwandika. Akikohoa, ujue ametafuna jambo tangu jana.

— Wacheni mambo ya panya, — alisema. — Hii kitu imepangwa.

— Imepangwa na nani, mzee?

— Na watu wa Chaka. Hii barabara ikikamilika huku, soko yao inakufa. Mtu alitumwa hapa na wembe. Alikuja kama anauliza njia. Mimi nilimwona.

— Ulimwona na wembe?

— Nilimwona akiuliza njia.

— Mzee, kila mtu huuliza njia hapa! Si hii ni kona!

— Nimalize. Hao wa Chaka nao wanatumiwa tu. Hiyo oili ikimwagika kwa mchanga inaenda wapi? Inaenda chini. Inashika mizizi ya kahawa, inatembea shamba kwa shamba, inateremka mpaka Kiriaini. Kahawa inakauka. Mkulima anauza shamba. Sasa niulizeni ni nani ananunua.

— Kwa hivyo Musembi alitobolewa mkono, — alisema Murugi bila kuinua uso kwenye birika, — ndio watu wa Kiriaini wauze shamba?

— Murugi, wewe pimia watu kahawa.

— Napima. Nauliza tu nikipima.

Mutahi alisikia damu ikimpanda kichwani. Panya, krisps, Kiriaini! Mtu ameumia, mtu anayejulikana na kila aliyekaa pale, mtu aliyekuwa akikaa papo hapo kwenye hiyo bledi akiwachekesha kwa Kikuyu chake cha kuvunjika, na hawa wanatafuna hadithi.

— Nyamazeni! — alipiga kelele, mpaka mwanamke aliyekuwa akipita na kuku kwapani akahamia ng'ambo. — Wewe Daktari, kabla ya kutuambia hewa ya mlima, tuambie kitu moja. Musembi alikuja kwako siku hiyo hiyo. Ulimpa nini?

Daktari alitazama viatu vyake.

— Alikuja na kidonda kama ya sindano. Kadogo hivi. Hakuna hata damu. Nilimpa ile mafuta ya kukamulia.

— Ya matiti ya ng'ombe!

— Inalainisha! Hata mimi napaka!

— Oili iko ndani, wewe unapaka nje! Ungemwambia aende hospitali saa hiyo hiyo!

— Kwani mimi nilijua? Alisema ni kama kuumwa na nyuki! Na wewe uliyejua, mbona hukumpeleka? Na nikuulize, Mutahi, kwa vile leo ni siku ya kuulizana. Nani alikuwa kwa leva?

Hata Hansadi hakukohoa.

Mutahi ndiye aliyekuwa kwenye leva, kile kijiti cha kuinulia mkono wa mashine. Siku ile walijua paipu inavuja, ila hawakujua ni wapi hasa, maana oili ikitoka kwa presha kwenye kitundu kidogo haionekani, ila hupenya ngozi kama sindano. Musembi akafanya kama wanavyofanya wote kwenye saiti: alivua glavu, akapitisha kiganja juu ya paipu akipapasa, akaita, "Inua kidogo, Muta!" ili presha ije na uvujaji ujisikie. Mutahi akainua. Yule aliyemfundisha kazi hii kule Karatina alimkanya asifanye hivyo kamwe. Laza mkono wa mashine chini, zima injini, chezesha leva mpaka presha iishe, ndipo uguse. Na ukitaka kutafuta kitundu, tumia kipande cha katoni, usitumie nyama yako. Mutahi alijaribu katoni mara moja katika saiti yake ya kwanza, wenzake wakamcheka wiki nzima kwamba anaipepea mashine kama mgonjwa. Hakuirudia tena.

Musembi alisema "Auu!", akacheka, akapangusa mkono kwenye ovaroli, kazi ikaendelea. Jioni kiganja kilikuwa kimevimba. Asubuhi vidole havikukunjika, vimebadilika rangi, na Musembi hakucheka tena. Ngatia alikuja na pikapu yake, akamtia ndani, akamwambia Mutahi, "Wewe baki na mashine. Huyu nampeleka hospitali, msiwe na wasiwasi." Tangu hapo simu ya Musembi ilikuwa imezimwa, na hiyo paipu haikuwa imebadilishwa.

— Nilikuwa kwa leva, — alisema Mutahi mwishowe, sauti imekwaruza. — Ndiyo. Aliniambia niinue. Tena usiniulize hiyo maneno, Moffat, nitakuvunja.

— Nivunje! Si umezoea kuvunja watu!

Mutahi alimrukia. Kim aliingia katikati akashika kola mbili kwa mpigo, kikombe kikaanguka, na Hansadi akasimama juu ya bledi ya greda kama aliye bungeni.

— Tuwe na utaratibu! — alisema. — Waheshimiwa! Hasira yetu iende mahali inatakiwa. Mimi napendekeza tuandamane. Tutoke hapa mpaka kwa ofisi ya gavana, tumebeba hiyo paipu.

Hilo liliwatuliza, kwa namna fulani. Kim aliachilia kola.

— Tuibebe na fimbo, kama jeneza, — alisema.

— Na tuandike, "Haki kwa Musembi," — alisema Daktari akihema.

— Nani ataongea? — aliuliza Murugi.

— Mimi, — walisema wanne kwa pamoja, na ugomvi ukaanza upya.

Hansadi alisema ni yeye kwa umri. Daktari alisema jambo lenyewe ni la afya. Kim akasema vijana wamechoka kusemewa. Mutahi akapiga ngumi kwenye bledi mpaka ikalia, akasema hakuna wa kuongea ila yeye, maana Musembi ni mtu wake, ni rafiki yake, wamekula sahani moja kwenye matope, na atakayejaribu kumsemea Musembi mbele yake atajuta. Machozi yalikuwa karibu, na hilo pia lilimkasirisha.

Walikuwa wangali wakibishana kama waanzie kanisani au sokoni, mwanamke mmoja aliposimama mbele yao. Alikuwa amejifunga leso mbili juu ya sweta, viatu vimejaa vumbi la nchi kavu lisilo la huku, na mfuko wa kikapu mkononi.

— Habari zenu, wazee wangu.

— Nzuri, mama. Karibu.

— Samahani nikiwakatiza. Mimi naitwa Mbula. Nimetoka Kitui. Musembi ni kaka yangu. — Aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. — Natafuta mtu anaitwa Muta.

Wote walimwonyesha Mutahi, na Kim hata akamsukuma kidogo begani.

— Ni wewe? — Uso wa Mbula ulifunguka. — Ai, Mungu asifiwe! Musembi kila akipiga simu ni Muta, Muta. Alituambia, nyinyi mkisikia niko na shida huku Nyeri, msisumbuke na mtu mwingine, tafuteni Muta wa Skuta, huyo ndiye ndugu yangu. Tumesikia kwa watu tu ati aliumia mkono. Simu haishiki. Mama hali, halali. Nikasema nitakuja, nimtafute huyo Muta.

— Pole sana, mama, — alisema Mutahi. — Pole. Hiyo mambo tunaifuatilia. Hata sasa hivi tulikuwa tunapanga maandamano.

— Asanteni. Mungu awabariki. — Alihamisha mfuko mkono mwingine, tayari kutembea. — Maandamano mtanieleza njiani. Nataka nimwone kwanza. Yuko hospitali gani?

Mutahi alimtazama Daktari, na Daktari akamtazama Kim. Hansadi aliteremka kutoka kwenye bledi, polepole, akishika goti. Murugi aliacha kumimina. Hospitali zilikuwa nyingi, ya kaunti, za misheni, za watu binafsi, hapa na Karatina na kwingineko, na kwa wiki nzima ya kelele hakuna aliyekuwa ameulizia hata lango moja, wala kumuuliza Ngatia. Mutahi alijua kwa nini yeye hakuulizia. Alikuwa anaogopa kuuona ule mkono. Kupiga kelele kulikuwa rahisi zaidi.

— Sijui, — alisema.

Mbula aliendelea kumtazama, akiitikia kwa kichwa kidogo kwa adabu, akingoja amalize kusema.