Neno la Kurukia: Historia ya Marehemu Sidney Kiplagat Komen, 1964–2024

Mchungaji, wafiwa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi kuja kuketi na familia hii, historia ya marehemu inasomwa na Balthazar, Mrundi, ambaye si ndugu wala shemeji, na anayeshangaa ana haki ya kushangaa, lakini marehemu mwenyewe alimtaja kwa jina akiwa kitandani hospitalini, mbele ya mkewe, akataka isomwe yote bila kuruka ukurasa, kwa hiyo msomaji anaomba mumvumilie kwa Kiswahili chake cha Bujumbura na kwa yale yatakayouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 karibu na Chebiemit, Elgeyo Marakwet, nchini Kenya, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Komen na Mama Tabitha, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia Januari 1971 hadi Novemba 1977, kisha sekondari mjini Iten, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1981, akiwa amevunjika mkono mara mbili, na mara zote mbili kwa hiari yake mwenyewe, kwa kuruka mahali ambapo wenzake walisema haparukiki.

Mwezi Machi 1983 aliajiriwa kutunza farasi katika shamba moja Naivasha, na ni huko, Agosti 1986, walipofika watu wa filamu kutoka ng'ambo wakitafuta mtu wa kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi, akaanguka mara nne, kila mara akiinuka, akijipangusa na kuuliza kama imetosha au inarudiwa. Huo ukawa mwanzo wa miaka thelathini na minane ya kuanguka, kugongwa na kuwashwa moto kwa niaba ya waigizaji ambao sura zao zilihitajika zikiwa nzima. Aliwasili Johannesburg tarehe 11 Februari 1997, akapanga chumba Alexandra, na kuanzia mwaka 2005 alifanya kazi na Balthazar, ambaye kazi yake ilikuwa kumpangia chini maboksi matupu ya kadibodi na magodoro ya kumpokea.

Hapa ni lazima kielezwe kitu kimoja cha kazi, maana bila hicho hamtaelewa yaliyotokea. Katika kazi zile mmoja huhesabu kwa Kiingereza, mwingine kwa Kizulu, mwingine kwa Kiafrikana, huyu anaruka kwenye tatu na yule baada ya tatu, na baada ya mwenzao mmoja kuvunjika uti wa mgongo katika mkanganyiko huo marehemu alikataa kuhesabiwa, akachagua neno ambalo hakuna mtu pale angelitamka kwa bahati mbaya, neno "sasa", ambalo Balthazar peke yake angelisema kwenye redio ya mkononi, akiwa ameinua mkono kuonyesha kwamba maboksi yako tayari. Mkono kwanza, neno baadaye, ndiyo ilikuwa sheria yao, na ilimlinda miaka kumi na tisa. Hawakuwahi kufikiria, na hapa ujinga ni wa wote wawili, kwamba Mkenya akikutana na Mkenya mwenzake neno hilohilo ndilo salamu, kwa sababu kazini kwao hapakuwa na Mkenya mwingine.

Tarehe 4 Desemba 1999, katika kanisa hili, marehemu alifunga ndoa na Serah, mfanyakazi wa benki huko Sandton, ambaye alimpenda sana na hakuwahi kwenda kumtazama akiruka hata siku moja. Walijaliwa mabinti wawili, Valerie, aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 2000, na Jelimo, aliyezaliwa tarehe 17 Januari 2003. Alfajiri ya Jumanne tarehe 13 Mei 2008, wakati wageni walipokuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba Alexandra na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, ili asiyejua atambulike kuwa mgeni, marehemu aliruka ukuta wa nyuma akiwa na Jelimo mgongoni na Valerie kifuani, akarudi akamvusha Serah, na wakahama kabisa. Tangu siku ile aliwakataza watoto kusema Kiswahili barabarani, kisha dukani, kisha hata mezani, ili kisije kikawaponyoka mahali pabaya, nao walimtii kama watoto wazuri wanavyotii, mpaka Kiswahili kikawaisha mdomoni. Baadaye jambo hilo lilimuuma kuliko mifupa yake yote, na alimwambia Balthazar kwamba amezaa watoto anaowaelewa lakini hawezi kupiga nao soga.

Kuhusu afya yake, alificha mengi. Sikio la kushoto lilikufa mwaka 2011 katika mlipuko wa filamu, nyonga ikabadilishwa Julai 2016, mikono ikaanza kutetemeka mwaka 2021, na macho yakaingiwa na mtoto wa jicho, lakini alipaka nywele rangi nyeusi, na kwenye fomu za kazi aliandika kwamba ana miaka hamsini na miwili, akaendelea kuiandika hiyohiyo kila mwaka. Balthazar alijua kwamba mkono wake unaoinuliwa hauonekani tena kutoka juu, kwamba rafiki yake anaruka kwa neno tu, naye akanyamaza, kwa sababu walizoea, na kwa sababu kila mara mzee aliinuka, akasema "sharp", yaani mambo safi, wakaenda kunywa chai. Kunyamaza huko ni dhambi ya msomaji na anaikiri mbele yenu.

Jumanne tarehe 3 Septemba 2024 ilikuwa kazi aliyomwahidi Serah kuwa ya mwisho, kuanguka kutoka paa la ghala la ghorofa tatu upande wa mashariki wa jiji, na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho Jelimo alitoka chuoni Braamfontein kuja kumwona. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijifunza maneno mawili matatu kutoka kwa wanafunzi Wakenya wenzake, kwa siri, ili siku moja amshangaze baba yake. Akaomba redio amsalimie, na Balthazar, ambaye maboksi yake yalikuwa nusu hayajapangwa, akaona ni jambo zuri, eish, akampa. Jelimo akabonyeza, akasema, "Sasa, Baba?"

Marehemu alianguka upande ambao haukuwa na kitu.

Aliishi siku kumi na moja. Jumapili tarehe 8 Septemba, bomba lilipotolewa kooni, Jelimo alikuwa ameketi kando ya kitanda, na neno la kwanza la baba yake, lililomchukua muda kwa sababu ya mbavu, lilikuwa "Poa", akiijibu ile salamu. Binti alitoka nje ya wodi, na tangu siku hiyo hajasema neno kwa lugha yoyote isipokuwa ndiyo na hapana. Siku tatu zilizofuata marehemu alieleza kwamba miguu yake ilitii kabla ya kichwa, kwamba hilo "Baba" lilimfikia akiwa tayari hewani, na kwamba ndipo alipotambua ni sauti ya nani. Akasema iandikwe hivi, kwa maneno yake: "Sikutazama mkono. Ningetazama ningeona haupo, na nisingeuona ningeshuka kwa ngazi. Sheria niliitunga mimi, na mimi ndiye niliyeivunja." Alifariki Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, saa tisa na robo alasiri, mapafu yakiwa yamejaa maji, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi mitatu na siku tano.

Wapo ndugu walioomba hapa isomwe "ajali kazini" na basi, na nia yao ilikuwa njema. Lakini kila mtu aliyekuwepo ghalani anajua, na lisemwalo kwa kunong'ona lingemfuata binti huyu mpaka uzeeni, ndiyo maana baba yake alitaka lisemwe kwa kipaza sauti, mara moja, na watu wote wakiwa wamekaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mahututi, ambao hawakukata tamaa hata pale walipotuambia tujiandae, majirani waliopika siku saba mfululizo, wafanyakazi wenzake Serah, na wenzake marehemu wa filamu, waliokuja wengi leo, baadhi yao kwa magongo. Na kwa agizo lake mwenyewe, alilolitoa Ijumaa akiwa bado na pumzi ya kulitoa, marehemu anamshukuru binti yake Jelimo kwa kumsalimia.

Pumzika kwa amani, kaka Sidney, hii hairudiwi.